Akaunti ya Mustafe

Hadado, 9 Februari 2025

Mtoto wa kaka yangu, Hani,

Assalaamu alaykum. Amani ikufikie wewe na mama yako Khadijo hapo Iftin. Sisi wazima. Goti la mke wangu Batula linalalamika akiinuka kwenye sala, akishainuka linanyamaza. Mvua za vuli zilipita kando. Ngamia wanakunywa kisimani kwa zamu na hakuna aliyekufa. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Umepata karatasi kwa sababu mnara wa simu hapa umekufa tangu mwaka uanze. Fundi hajaja na hatuulizi kwa nini. Barua hii itabebwa na Amino muuza maziwa hadi Wajir mjini, na kutoka hapo na dereva wa basi la Garissa. Ikinuka moshi, ni moshi wa vibuyu vyake. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichokiandikia redio maisha yangu yote. Kisomali chetu ni cha mdomo, hakuna aliyetufundisha kukiandika.

Sasa jambo lenyewe. Mwanangu Mustafe hajasikika tangu Novemba.

Ninayoyajua ni haya. Simu yake ya mwisho alisema ana kazi nyingi na kwamba chuo kinataka kumfanya mkuu wa idara ya hesabu. Baada ya hapo namba haikupatikana. Nimekwenda Wajir mjini kuijaribu kwa simu za watu. Mwenye nyumba aliyempangisha Garissa anasema alitoa vitu vyake mchana, akalipa, akaaga vizuri. Nisiyoyajua ni mengine yote.

Utauliza kwa nini siendi polisi. Kijana wa huku kwetu akipotea na baba yake akaenda kuandikisha, jina lake huingia mahali ambapo halitoki. Na majirani huimalizia hadithi wenyewe: mpaka uko karibu, kila mtu anajua vijana hudaiwa wameuvuka kwenda kufanya nini. Neno lenyewe sitaliandika. Batula naye halitamki.

Wewe ndiye mwenye funguo za barua pepe za chuo kizima. Mustafe hakuwa na anwani nyingine, ile ya chuo aliitumia kwa kila kitu. Ifungue. Sitaki kujua anaandikiana na nani. Nataka kujua kama anaandika.

Ami yako,
Dekow


Garissa, Iftin, 20 Februari 2025

Adeer Dekow,

Wa alaykum salaam. Barua ilinuka moshi kweli, mama aliishika puani kabla ya kuniachia. Anamwambia eddo Batula apake goti mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, asimsikilize mtu mwingine. Yeye mwenyewe yuko vizuri, anagombana na fundi wa tangi la maji. Mto umeshuka, joto limepanda, na mfungo unakaribia.

Adeer, siwezi kuifungua akaunti ya Mustafe.

Nikueleze kazi yangu ilivyo, maana watu hudhani nina kabati. Barua za chuo hazikai chuoni. Ziko kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali, sisi tumekodi vyumba tu, na mimi ni mtunza jengo. Mwanafunzi akija nampa chumba. Akisahau nenosiri nambadilishia kufuli. Akiondoka nafunga. Kwa kazi hiyo nimepewa ufunguo unaofungua vyumba vyote, na sharti lake ni moja, kwamba siingii kwa mtu. Wahadhiri wanaandika humo mambo ya ndoa zao. Wasichana wa mwaka wa kwanza wanaandika mambo ambayo hata mama zao hawajui. Siku nitakapoingia kwa mmoja, hata kwa sababu nzuri, hakuna atakayeandika tena.

Na kuna lingine. Mfumo hurekodi kila ninapofungua mlango usio wangu. Ikitokea siku mtu mwenye sare akataka kujua habari za Mustafe, atakuta familia yake ilianza kumtafuta Februari, kwa siri, kwa ufunguo wa ofisi. Hutaki hilo. Mimi pia sitaki.

Mwenyewe nilimpigia baada ya mkataba wake kuisha Oktoba, na akapokea. Alinisihi nisimwonee huruma. Tangu hapo sijampata.

Nisamehe. Najua ulichoniomba ni kidogo.

Hani


Hadado, 11 Machi 2025

Hani,

Ramadhani karim kwako na kwa Khadijo. Mafuta ya ufuta yamefanya kazi, Batula anasema ni dua yake na si mafuta. Visima vinatosha. Jirani yetu Keinan amepoteza ngamia wawili kwa fisi na anamlaumu mbwa.

Mambo ya mkataba sikuwa nayajua. Alinipigia Novemba, nimekuandikia hivyo. Kwa hiyo siku aliyoniambia habari za ukuu wa idara, hakuwa hata na kazi. Nimelisoma hilo mara moja nikakunja karatasi. Batula sijamwambia. Nimemwambia tu kwamba umekataa, na yeye akasema, "Mtoto wa Nuh. Baba yake pia alikuwa hivyo. Ukimwekea mbuzi wako, hata mtoto wake akilia njaa hamkamui."

Nilipokuwa redioni watu waliniambia mambo kwa ahadi kwamba sitawataja. Mara moja niliwekwa ndani siku kadhaa kwa sababu hiyo na sikumtaja mtu. Kwa hiyo nakuelewa. Nimekasirika vilevile. Vitu hivi viwili vinakaa pamoja kifuani bila shida.

Juzi kisimani mtu mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "Dekow, yule mtoto wako wa hesabu, siku hizi anahesabu nini?" Wakacheka kidogo, si sana. Nilimjibu anahesabu wajinga na hajafika mwisho. Walicheka zaidi. Lakini nilipokuwa narudi nilijua swali lile limekwisha kuulizwa mara nyingi bila mimi kuwapo.

Kila magharibi, baada ya tende, Batula huniuliza kama mnara umepona. Anajua haujapona. Ningependa ufikirie tena.

Dekow


Garissa, Iftin, 2 Aprili 2025

Adeer,

Idi njema, japo inakufikia ikiwa imepoa. Tuliswali uwanjani, mama alipika mbuzi mzima kwa watu sita, na watu sita walimmaliza. Alitenga sahani moja akaifunika na hakusema ni ya nani. Sikumuuliza.

Nimefikiria tena, na jibu ni lile lile. Lakini kazini kumetokea jambo, nalo si siri, kwa hiyo nakuandikia.

Kampuni ile ya mbali zamani iliwapa shule na vyuo nafasi bila kikomo. Sasa imeweka kikomo, na chuo chetu kimekivuka. Mkuu wa chuo, Barre, ameamua kwamba akaunti zote za watu waliokwisha kuondoka na wasioingia zifungwe mwisho wa Mei, na kila kilichomo kitafutika. Kazi hiyo ni yangu. Kwanza nimewatumia wote tangazo: ukitaka akaunti yako ibaki kwa muda, ingia. Kisha napitia akaunti moja moja kuona ni lini mwenyewe aliingia mara ya mwisho. Barua zake sizioni. Naona tarehe tu, kama mlinzi wa lango anavyoona nani amepita. Mkuu anajua naiangalia, na mfumo umerekodi kwamba naiangalia kwa ajili hiyo.

Akaunti ya Mustafe ni mojawapo. Nimeiangalia kama nilivyoziangalia nyingine.

Nilichokiona ni cha ofisi na sitakuandikia. Lakini, Adeer, mimi tangu Januari nilikuwa silali vizuri. Tangu wiki iliyopita nalala. Mwambie eddo Batula kwamba Hani analala, usiku mzima, bila hata kugeuka.

Hani


Hadado, 24 Aprili 2025

Hani,

Amani iwe juu yako. Mvua imefika. Imekuja kwa hasira, imekata barabara, na barua yako ilikaa Wajir kwa watu wa maziwa hadi gari la kwanza lilipopita jana. Malisho yameanza kuota na Keinan amenunua mbwa mwingine.

Nimekuelewa. Mtu aliyefanya kazi niliyoifanya anajua kumsikiliza anayekataa kusema.

Nilimsomea Batula. Alikuwa anafukiza kibuyu. Akaniambia, "Rudia hapo anapolala." Nikarudia. Akauliza, "Bila kugeuka?" Nikasema ndivyo ilivyoandikwa. Akaweka kibuyu chini, akasema, "Basi yuko hai na hatupigii simu. Akija nitamvunja mguu." Tangu hapo amekuwa akimtukana mchana kutwa, kwa sauti, hata mbele ya wageni. Sijamsikia akiwa na furaha hivyo tangu mwaka jana. Usiku ule alikoroma, na mimi nikakaa nje nikimsikiliza.

Tunajua yuko hai. Hatujui kama anajua njia ya kurudi bado iko wazi. Tangu nisikie habari za mkataba nimewaza sana juu ya maneno niliyowahi kumwambia kuhusu kazi na wanaume. Sitayaandika hapa.

Sasa nisikilize. Ngamia wa Mustafe amezaa, ndama jike, mzima, mwekundu mwenye doa jeupe shavuni. Unakumbuka desturi. Mvulana akizaliwa, siku ya kumfunga kitovu, baba humtengea ngamia jike, na kizazi cha ngamia huyo ni chake milele. Huyu ni mjukuu wa yule niliyemtengea Mustafe siku ya kitovu. Mimi nachunga tu. Siwezi kumpa ndama jina, siwezi kumtia chapa, siwezi hata kusema nani akamuliwe maziwa ya mama yake. Mwenye neno ni mmoja. Na ndama bila chapa katika msimu wa malisho, akichanganyika na wa watu, hurudi kwa kesi.

Sikuombi ufungue mlango. Nakuomba ugonge.

Ami yako,
Dekow


Garissa, Iftin, 8 Mei 2025

Adeer,

Salaam nyingi. Mama anasema hongera kwa ndama, na anauliza kama doa liko shavu la kulia au la kushoto, eti kuna tofauti. Mto umejaa hadi mashamba ya ndizi. Sisi tuko juu, hatujaguswa.

Nimegonga. Lakini nimegonga milango yote ya chuo, na lazima nikueleze kabla hujasikia kwa watu wa maziwa.

Kumgongea Mustafe si kuvunja sharti. Ndugu yeyote anaweza kumwandikia. Nilitaka kumwandikia barua nikasita, kwa sababu barua hudai maneno, na nadhani maneno ndiyo yanayomshinda. Nikaona bora mwaliko wa kalenda. Unaandika shughuli, mahali na siku, na anayealikwa hubonyeza ndiyo au hapana. Hahitaji kujieleza. Basi nikaandika: "Ngamia wa Mustafe amezaa. Ndama jike. Kumpa jina na chapa. Hadado, nyumbani kwa Mzee Dekow, Ijumaa tarehe 16 Mei, baada ya Alasiri." Nikatuma.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshinda nikiweka tarehe za mitihani kwenye kalenda ya chuo. Sikurudi kwenye kalenda yangu. Mwaliko ukatoka kwa jina la Ofisi ya Mkuu wa Chuo, ukaenda kwa kila mwanafunzi, kila mhadhiri, na wajumbe wa baraza la chuo.

Aweys, tunayekaa naye ofisi moja, ndiye aliyeona wa kwanza. Simu yake ililia, akasoma, akanitazama. "Hani, nimealikwa kwa ngamia."

"Ngamia gani?"

"Sijui. Mkuu ndiye anayenialika."

Majibu yakaanza kuingia. Mwanafunzi wa Bura aliuliza rangi. Mwingine aliuliza kama chapa ni ya shingoni au ya paja. Mmoja aliandika hana nauli ila moyo wake uko Hadado. Msichana wa mwaka wa pili aliuliza kama mahudhurio yatahesabiwa kwenye mtihani. Mtu wa maktaba alijibu ndiyo, na nadhani anamaanisha.

Mkuu akaniita. Alikuwa na simu yake mezani, imeelekezwa kwangu.

"Hani, keti. Huyu ngamia ni wa idara gani?"

"Si wa idara, Mkuu. Ni wa ndugu yangu. Nimekosea kalenda."

"Tarehe 16 baraza linakutana. Wajumbe wawili wameniuliza kama mkutano umehamia Hadado. Mmoja ameuliza kwa furaha." Akavua miwani. "Futa."

Nikamwambia nitafuta akiamuru, lakini ajue nini kitatokea. Mwaliko ukifutwa, mfumo humtumia kila aliyealikwa taarifa ya pili kwamba shughuli imeondolewa. Yuko mtu mmoja niliyemkusudia. Akiona nyumbani kwao wamemwita, kisha wakafuta, hatauliza ni kosa la nani.

"Mustafe yupi huyu?" akauliza. "Ni wetu? Wa hesabu?"

"Ndiye."

Adeer, Barre ndiye aliyemwita Mustafe Oktoba akamwambia mkataba hautaendelea. Fedha za nafasi ile hazikuja, hilo kila mtu analijua. Alikigeuza kikombe chake. Kisha akaniuliza kama ni ngamia wa kitovu. Nikasema ni mjukuu wa ngamia wa kitovu.

"Marehemu baba yangu angenilaani," akasema. "Ngamia jike amezaa, ninyi mnatuma taarifa kwamba hakuzaa? Acha ikae. Waandikie wajumbe kwamba mkutano uko pale pale. Na wewe, ukirudia, utakwenda kuchunga huyo ndama."

Kwa hiyo mwaliko umebaki. Wakati naandika, mamia wamejibu. Mustafe hajajibu. Hilo naweza kukuambia, kwa sababu mwaliko niliuandika mimi, na jibu la mwaliko ni la mwenye shughuli.

Ijumaa hiyo weka chai ya kutosha. Sijui nani atakuja.

Hani


Garissa, 14 Mei 2025

Adeer,

Mama mzima, mimi mzima. Dereva wa basi amewasha injini na ananipigia honi.

Amejibu leo asubuhi. Ameandika "Ndiyo", bila neno lingine.

Hani


Hadado, 19 Mei 2025

Hani,

Wa alaykum salaam. Batula mzima, goti lake limekaa kimya tangu Ijumaa na sitamkumbusha. Malisho yanafika gotini mwa ndama. Barua yako ya tarehe 14 imefika leo, siku tatu baada ya mtu inayemhusu. Nimeisoma mbele yake. Amesema, "Hiyo habari imezeeka, Aabo." Nikamwambia redioni tulikuwa tunazisoma hata zikizeeka.

Nakuandikia ilivyokuwa, kwa mpangilio.

Ijumaa baada ya sala nilikaa nje. Nilikuwa nimemwambia Batula achemshe chai ya kutosha na yeye akachemsha sufuria ya arusi. Nilimwambia tunawangoja wanafunzi wa Hani. Sikutaja mtu mwingine, kwa sababu barua yenye jibu sikuwa nimeipata.

Wa kwanza kufika walikuwa vijana watatu wa chuo chenu, wenyeji wa upande huu waliorudi kwa likizo fupi. Mmoja anaitwa Kadar. Alinionyesha simu yake, iliyohifadhi ule mwaliko ingawa mtandao hauko, ili nisidhani amekuja kula bila kuitwa. Walikunywa chai, wakaenda kumtazama ndama, wakaanza kubishana kuhusu baba yake. Keinan akaja na mbwa wake mpya. Yule wa kisimani, aliyeniuliza swali lile, akaja pia. Hakualikwa na kalenda yoyote.

Kabla ya Alasiri lori la maji lilisimama. Mustafe akashuka kutoka mbele, alikokaa na dereva. Amekonda. Amefuga ndevu ambazo hazimfai. Alikuwa na begi moja na mfuko wa sukari begani.

Batula alitoka, akamtazama mguu, kisha akamtazama uso. Nilisimama karibu endapo angetimiza ahadi yake.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado, Hooyo."

"Na hizo ndevu umeziazima kwa nani?"

Vijana wakacheka. Akaingia naye ndani na hawakutoka hadi adhana.

Alikokuwa ni Lodwar. Anafanya kazi kwenye ghala la mfanyabiashara mmoja wa kwetu, anapima sukari na kuandika mizigo. Hakuvuka mpaka wowote. Yule wa kisimani aliposikia Lodwar alisema tu, "Kuna joto huko," na Mustafe akamjibu kwamba Hadado ingeomba joto lile likae huko huko. Swali limekufa. Nililiona likifa usoni mwa yule mtu, na nikamwongezea chai.

Kuhusu ukimya wake sikumuuliza. Jioni tukiwa wawili kwenye zizi alianza mwenyewe. Alisema siku aliyonipigia Novemba alikusudia kuniambia kazi imekwisha. Nikamuuliza habari za kazi kabla hajaanza, na ule uongo ukatoka wenyewe, ukubwa wake ukamshangaza hata yeye. Baada ya hapo, kila siku iliyopita ilifanya simu iwe nzito zaidi. Akabadilisha namba. Barua pepe aliendelea kuzifungua, lakini hakujibu mtu.

"Tangazo la Hani la kufunga akaunti nililiona," alisema. "Nikaingia ili isifungwe. Sijui nilikuwa naiwekea nani."

Kisha ukaja mwaliko. Aliona "Ofisi ya Mkuu wa Chuo" na moyo ukamruka. Alidhani wanamrudishia mkataba. Akafungua akakuta ngamia. Anasema alicheka peke yake ghalani hadi mwenye ghala akaja kuona kama amepatwa na jua. Alikaa nao siku kadhaa. Aliniambia kilichomfanya abonyeze ni yale majibu ya wengine. Aliyasoma yote. Watu wasiomjua walikuwa wanauliza rangi ya ndama wake na chapa yake, na yeye mwenyewe hakuwa anajua.

Nikamwambia, "Ni mwekundu."

"Naona, Aabo," akasema.

Chapa aliitia Jumamosi asubuhi, kwa mkono wake. Jina amempa Hodan. Batula anasema kuna Hodan wengi mno Hadado na angefikiria zaidi. Maziwa ya mama yake, mwenye neno ameamua, Amino ayapeleke Wajir, isipokuwa kibuyu cha jioni, ambacho ni cha goti la Batula.

Atarudi Lodwar kwa sasa. Mwenye ghala ni mtu mzuri na kazi ni ya halali. Namba yake mpya nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Yeye mwenyewe ameomba uipate. Vijana wa chuo wamemwambia shule moja ya Wajir inatafuta mwalimu wa hesabu. Ataomba, na akikosa ameahidi kunipa habari ya kukosa. Nimemwambia zote mbili nitazipokea kwa uso huu huu, nikamwonyesha uso.

Mwambie Mkuu Barre kwamba wageni wake walifika na walikula. Mwambie mama yako doa liko shavu la kushoto.

Kuhusu akaunti. Mwisho wa Mei umekaribia na Mustafe anasema haihitaji tena, ametoa alichokitaka. Nilikuwa nimeanza kukuandikia uifunge. Kisha nikakumbuka ninayemwandikia, na kwamba neno langu juu ya mlango wa mtu mwingine halikutoshi. Basi nimempa kalamu.

Ami yako,
Dekow

Ina-adeer Hani, ni mimi mwenyewe. Ifunge. Mustafe.